Mizani nafuu ya kupimia fedha nyumbani: hatua ya 0.01 yatosha, au nijikaze ninunue ya 0.001?

Pete_ya_Kigae
Assalaam aleikum wanajukwaa. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni, nafanya kazi ya fedha nyumbani: pete zile za vipande vya vigae, vikuku, na kutengeneza mikufu iliyokatika. Siku zote napima kwa sonara mzee wa mtaani. Yeye ana mizani ya sahani mbili na mawe ya tola (kipimo cha zamani cha masonara), hana neno na mimi, ila akifunga duka na mimi kazi yangu imefunga. Sasa nataka yangu mwenyewe.

Bajeti ni elfu tatu, nikijikunja sana elfu nne. Kazi kubwa ni kuchanganya fedha safi na shaba nipate 925 (fedha safi sehemu 925 kwa elfu), kupima lehemu, na kujua nimenunua chakavu kiasi gani. Mtandaoni naona za kupima mpaka gramu 500 zenye hatua ya gramu 0.1, za gramu 200 zenye hatua ya 0.01, na zile za gramu 50 zenye hatua ya 0.001 na kifuniko cha plastiki juu. Muuzaji anasema ya 0.001 ndiyo "ya kitaalamu". Mniambie ukweli kabla sijatuma pesa.

Baharia_254
0.01. Funga uzi tukalale.

Maalim_wa_Nguvu
Wa aleikum salaam. Uzi usifungwe, maana hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa zao.

Tarakimu unazoziona kwenye kioo ni hatua tu, kwamba mizani inakuonyesha mpaka kiasi gani kidogo. Kama kiasi hicho ni cha kweli, hilo ni jambo jingine kabisa. Kiwanda kinaweza kuchukua kihisio cha bei rahisi kikakuongezea sifuri moja mbele, na mizani ikaanza kubahatisha kwa tarakimu tatu badala ya mbili. Ukinunua ya 0.001 kwa bei ya mizani ya jikoni, ile tarakimu ya mwisho itakuwa inacheza tu, mara 4, mara 7, mara 2, na wewe umekaa unaisubiri itulie.

Chukua hesabu ya kazi yako mwenyewe. Una gramu 20 za fedha safi. Ili upate 925, jumla iwe 20 gawanya kwa 0.925, yaani 21.62. Shaba basi ni gramu 1.62. Ukiwa na mizani ya 0.01 iliyosawazishwa, ikakosea hata hatua moja ukatia 1.63, umepata 924.6. Kosa hilo hulikwepi kwa kuongeza tarakimu, unalikwepa kwa kutia shaba 1.60, ukaishia kwenye 925.9 na roho ikatulia. Sasa mizani ya hatua ya 0.1 itakuambia 1.6 wakati umeweka 1.56 au 1.64. Huna habari uko upande gani. Hiyo waachie wapika keki.

Kwa hiyo gramu 200, hatua 0.01. Pesa inayobaki nunua jiwe la kupimia. Na jiwe ndilo la lazima kuliko hata aina ya mizani.

Pete_ya_Kigae
Maalim shukrani. Jiwe gani? Na nitajuaje kama mizani iliyofika ni nzima?

Maalim_wa_Nguvu
Jiwe la daraja la M1, la gramu 100. Madaraja haya ni ya kimataifa na kila moja lina kiasi kinachoruhusiwa kukosea. M1 ya gramu 100 inaruhusiwa miligramu 5 juu au chini. Hiyo ni nusu ya hatua ya mizani yako, kwa hiyo inakutosha. Yapo madaraja ya juu, F2 na F1, lakini hayo ni ya maabara na bei yake utalia. Yale mawe madogo yanayokuja bure ndani ya boksi ya mizani hayana daraja lililoandikwa. Yatumie kama kitu cha kulinganisha, usiyape imani.

Ukishaipata, iweke juu ya meza isiyotikisika, iwashe uiache dakika kumi hivi ipate joto la chumba. Halafu weka kitu kimoja, soma, ondoa, iache irudi sifuri, rudia mara kumi. Ikikupa namba ileile, au ikitofautiana kwa hatua moja tu, iko sawa. Ikiyumba hatua tatu nne, irudishe dukani. Kisha weka kitu hichohicho katikati ya sahani, halafu pembeni, pembe zote nne. Nyingi za bei rahisi zinaanguka hapo. Mwisho, pima kitu A peke yake, kitu B peke yake, halafu vyote pamoja. Jumla ikikataa kulingana, hiyo mizani haifai hata kama inafika kwenye mia barabara.

Bi_Udi_Mkomani
Wanangu hamjambo. Mimi si sonara, nachanganya mafuta ya udi na napima zafarani. Nina hiyo ya gramu 200 mnayoisifu. Ila ina ukaidi mmoja unanimaliza. Nikitia mafuta kwa tone, tone, tone, namba haisogei. Nikija kushtuka nimetia matone mengi na kioo kimekaa palepale 0.00. Nikimimina kwa haraka yapima vizuri. Imeharibika au ina shetani?

Baharia_254
Mamangu, isomee Yasini.

Maalim_wa_Nguvu
Shikamoo bibie. Haijaharibika, na wala shetani hamo. Mizani za kidijitali zina tabia ya kujirudisha sifuri zenyewe. Zimeundwa hivyo kwa sababu kihisio kinatambaa kidogo kidogo kwa joto na unyevu, basi kompyuta yake ikiona badiliko dogo la polepole hudhani ni kutambaa huko, hulifuta. Tone lako moja dogo lafanana na kutambaa. Matone kumi ya polepole yafutwa yote kumi.

Dawa yake ni rahisi. Usianzie kwenye sifuri. Weka juu ya sahani kitu chochote cha gramu tano au kumi pamoja na chupa, usibonyeze TARE (kitufe cha kurudisha sifuri), anza kutia ukisoma kutoka namba hiyo. Nyingi zinafuta karibu na sifuri tu. Kama yako bado ni kaidi, kila baada ya matone machache inua chupa, irudishe, soma upya. Namba ya baada ya kuinua ndiyo ya kweli.

Pete_ya_Kigae, na wewe hilo litakuhusu ukiwa unaongeza vumbi la shaba kwa ncha ya kisu.

Bi_Udi_Mkomani
Marahaba mwanangu. Nimejaribu yeo hii hii na ganda la konokono la pwani chini ya chupa. Kweli yahesabu! Miaka yote hii nawapunja watu au najipunja mwenyewe, Mungu ndiye ajuaye.

Mwamu_Ohio
Salaam kutoka Ohio. Niongeze la huku. Huku Marekani kuna watu wanajaza risasi wenyewe majumbani, ganda lililokwisha kupigwa analitia kiwashio kipya, baruti na kichwa. Hao ndio wamebishana kuhusu mizani nafuu kuliko binadamu wote, kwa sababu baruti ikizidi bunduki yampasukia usoni. Jirani yangu mmoja wa kazini ni wa kundi hilo na gereji yake ina mizani kuliko duka.

Wao wanapima kwa greni. Greni moja ni gramu 0.0648, na wanataka kuona sehemu ya kumi ya greni, yaani karibu gramu 0.0065. Kwa hiyo mizani yenu ya 0.01 kwao haifai, ni chakavu. Lakini angalieni wanachokifanya. Wengi wa wazee wao hawataki za betri. Wanatumia mizani ya mkono, yenye sahani upande mmoja na vijiwe vya kusogeza kwenye mkono wenye meno. Ile maarufu, RCBS 5-0-5, inapima mpaka greni 511, kama gramu 33. Ina sumaku inayoutuliza mkono usicheze muda mrefu. Haina betri, haitambai, haijifuti sifuri, na kijana anaipata kwa babu yake ikiwa bado inapima sawa.

Na yule mwenye ya kidijitali hapimi chochote kabla hajaweka jiwe la kuhakiki lililo karibu na uzito anaoutafuta. Si jiwe la gramu 100 kwa kupima gramu mbili. Anachukua jiwe dogo la kiasi kilekile. Hilo mimi naliona ndilo la kuiga, kuliko kukimbilia aina ya mizani.

Pete_ya_Kigae
Hiyo ya mkono naweza kuagizia? Gramu 33 zanitosha kwa pete.

Mokowe_Jeti
Bro, kabla hujaagiza. Kutengeneza risasi bila leseni huku Kenya ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na si kosa la kulipa faini ukaenda zako kunywa kahawa. Mizani yenyewe haina ubaya, ni mizani tu. Lakini sanduku lenye picha ya risasi likifika forodha, na anwani ni Lamu, utajieleza mpaka ukauke mate. Sisi wa huku twajua hali ya usalama ilivyo. Tafuta mizani ya mkono ya maabara ya shule. Ile yenye mikono mitatu wanayofundishia fizikia inafika hatua ya 0.1 tu, yenye mikono minne ndiyo inafika 0.01. Shule zikibadilisha vifaa huwa zinauzwa.

Mwamu_Ohio
Kweli kabisa, hilo sikulifikiria. Huku yauzwa duka moja na ndoana za kuvulia.

Kisima_cha_Malindi
Mko mbali sana nyinyi. Mimi niko Malindi na jiwe langu la kupimia ni bure. Huku Wataliano wamejaa, sarafu za yuro zimo kwenye kila droo. Yuro moja ni gramu 7.50, yuro mbili ni 8.50, senti 50 ni 7.80. Weka ya moja na ya mbili pamoja: 16.00 kamili. Huo ndio uzito wake rasmi, ila hata zinazong'aa zinaweza kutofautiana hatua kadhaa kwenye mizani ya 0.01.

Maalim_wa_Nguvu
Yuro nazikubali kwa kuhakiki, nazikataa kwa kusawazisha. Ukibonyeza CAL (kitufe cha kusawazisha) mizani itakuomba gramu 100 au 200 barabara, na sarafu hazikupi hiyo. Tena sarafu iliyopita mikononi imelika na imebeba uchafu. Lakini kama mtu hana kitu, sarafu tatu nne mpya kila asubuhi ni bora kuliko kuiamini mizani kwa macho.

Halafu kuna jambo wauzaji hawasemi. Kihisio cha mizani ya kidijitali hakipimi kitu, kinapima jinsi dunia inavyokivuta kitu hicho. Na dunia haivuti sawa kila mahali. Hapa Lamu tuko nyuzi 2 tu kusini ya ikweta, mvutano ni kama 9.78 (mita kwa sekunde mraba). Ujerumani ni kama 9.81. Mizani iliyosawazishwa Ujerumani ukaileta Shela bila kuigusa, jiwe la gramu 100 litasoma kama 99.7. Za Uchina kusini zinakosea kama gramu 0.8 kwa kilo, si nyingi, lakini kwenye gramu 100 unaiona. Ndiyo maana nasema jiwe kwanza. Ukiisawazisha hapa, juu ya meza yako, habari hiyo imekwisha.

Baharia_254
Maalim hapo umetupeleka wapi. Yaani kikuku changu nikikipeleka Ujerumani kinaongezeka?

Maalim_wa_Nguvu
Fedha haiongezeki hata chembe. Mizani ndiyo inayodanganyika. Ya sonara mzee wa Langoni haidanganyiki, kwa sababu sahani zote mbili zinavutwa sawa, iwe Lamu au Berlin. Mzee huyo asidharauliwe.

Pete_ya_Kigae
Nina swali jingine. Nyumbani kuna riale mbili za Maria Theresa, sarafu za kale za bibi. Nataka kujua kama ni fedha kweli au zimeigizwa. Mizani hii itanisaidia?

Kisima_cha_Malindi
Usiziyeyushe we kijana!!

Fundi_Tola
Hapa naingia mimi, ndiyo kazi yangu. Riale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 (zilizopigwa baada ya hapo zote zina 1780, hata za juzi), ina gramu 28.07 na fedha yake ni 833 kwa elfu. Uzito peke yake hautoshi, mwigaji anajua kupima. Pima ndani ya maji.

Chukua kikombe chepesi cha plastiki, tia maji, kiweke juu ya mizani, bonyeza TARE. Funga riale kwa uzi mwembamba, ining'inize ndani ya maji izame yote bila kugusa chini wala ukingoni. Gonga kidogo mapovu yatoke. Namba utakayoiona ni uzito wa maji iliyoyasukuma. Gawanya uzito wa hewani kwa namba hiyo, upate ni nzito mara ngapi kuliko maji. Riale ya kweli inakupa kama 10.2, yaani kioo kitasoma karibu 2.75. Ikiwa ni shaba iliyopakwa fedha kitasoma kama 3.13, na shaba nyeupe au ya njano itapita hapo. Tofauti ya 2.75 na 3.13 hata mizani mbovu inaiona.

Ona sasa kwa nini ya gramu 50 isingekufaa: kikombe na maji tu vimeshaimaliza.

Ila usijidanganye kwenye pete ndogo. Pete ya gramu 4 ya 925 inasukuma maji 0.39. Ya 800 nayo inasukuma 0.39. Kioo kinasema kitu kimoja kwa fedha mbili tofauti. Hapo ndipo 0.001 ina maana, na mimi ninayo, ila naitumia kwa hilo tu. Nazima feni, nafunga dirisha, na bado nangoja.

Pete_ya_Kigae
Hapo sasa nimeelewa 0.001 ni ya nini. Ahsante Fundi.

Shela_Upepo
Kwa mwenye mizani upande wa bahari kama mimi. Upepo wa kusi ukivuma hata ya 0.01 haitulii, weka ndani ya boksi la kadibodi lililokatwa upande mmoja. Hewa ya chumvi inakula vichuma vya betri, kwa hiyo toa betri ukimaliza kazi, usiache mpaka mwezi mtukufu ujao. Hifadhi kwenye mkebe wa biskuti na vile vifuko vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Simu iweke mbali na mizani, ikipigwa utaona namba zinaruka. Na usiruhusu mtoto abonyeze sahani kwa kidole "aone itafika ngapi". Kihisio cha gramu 200 kikishakunjwa kwa kilo mbili hakirudi tena.

Mokowe_Jeti
La mwisho kwa upande wangu. Kupimia nyumbani kazi yako mwenyewe hakuna ubaya. Siku ukianza kununua chakavu kwa watu au kuuza kwa gramu, mizani ya biashara yatakiwa ikaguliwe na kupigwa muhuri na wakaguzi wa vipimo, Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Hizi za mfukoni za mtandaoni mimi sijaona yenye muhuri. Mteja akibisha, mpeleke kwa mwenye mizani yenye muhuri, mkapime pamoja.

Pete_ya_Kigae
Mrejesho. Nimechukua ya gramu 200, 0.01, na jiwe la M1 la gramu 100 lililoletwa kutoka Mombasa. Vyote pamoja havikufika elfu nne. Ilipofika, jiwe lilisoma 99.91. Nimebonyeza CAL, sasa 100.00. Pembe tatu ni sawa, pembe moja inapunguza hatua moja, basi naweka katikati. Riale ya kwanza 27.96 hewani na 2.75 majini. Ya pili 26.10 na 3.06, hiyo sijamwambia bibi.

Fundi_Tola
26.10 kwa 3.06 ni 8.5. Hiyo ni shaba nyeupe au ya njano, iliyopakwa. Usimwambie.

Bi_Udi_Mkomani
Mwanangu wa Langoni, hilo jiwe laazimwa? Yangu haijasawazishwa tangu iingie nyumbani.

Pete_ya_Kigae
Shikamoo mama. Njoo nayo baada ya alasiri, au nitamtuma mdogo wangu aje nalo. Jiwe usilishike kwa vidole vyenye mafuta, lishike kwa kitambaa. Na weka betri mpya kabla, zikilegea CAL inakataa.